Uchumi wa Dunia kwa Sasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi na Walimu

Maswali haya hujirudia kila somo la uchumi linapotoka nje ya mipaka ya nchi moja. Majibu yake yamepangwa kufuata mambo mawili: nini hasa kinatokea, na gharama yake anaibeba nani. Jambo la kwanza vitabu vya darasani hulieleza vizuri. La pili hurukwa mara nyingi, ilhali ndilo linalomfanya mwanafunzi aelewe kwa nini watu wazima hugombana kuhusu riba, ushuru na madeni.

Taarifa zinasema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona vitu bado ni ghali?

Kwa sababu mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda, si kiwango cha bei zenyewe. Chukua bidhaa inayouzwa 100. Mwaka wa kwanza bei yake inapanda kwa asilimia 10, inafika 110. Mwaka wa pili inapanda kwa asilimia 3 tu, inafika 113.3. Mfumuko umeshuka kutoka 10 hadi 3, na gazeti litaandika hivyo bila kusema uongo, lakini mnunuzi analipa zaidi kuliko mwaka uliopita na zaidi sana kuliko mwaka juzi. Ili bei irudi 100, mfumuko ungepaswa kuwa chini ya sifuri, na hali hiyo benki kuu huiogopa pia: watu huahirisha manunuzi wakingoja bei ishuke zaidi, viwanda hupunguza wafanyakazi, na mzigo wa madeni huwa mzito zaidi kwa sababu mapato yanapungua huku deni likibaki palepale.

Kwa hiyo swali la maana ni kama kipato kimepanda pamoja na bei. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umeongezeka kwa asilimia 13.3 katika miaka hiyo miwili hajapoteza kitu. Aliyeongezewa asilimia 5 amekuwa maskini zaidi, hata kama idadi ya noti anazopokea imeongezeka.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwalimu alitaje. Takwimu ya mfumuko ni wastani wa kapu la bidhaa na huduma lililokadiriwa kwa nchi nzima. Familia zenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya pesa zao kwa chakula na nishati. Vitu hivyo vikipanda haraka kuliko vingine, mfumuko wanaouishi wao ni mkubwa kuliko ule uliotangazwa. Mtu anayesema "takwimu hizi hazinihusu" huenda yuko sahihi kabisa, na takwimu nazo zikawa sahihi.

Ilikuwaje bei zikapanda karibu kila mahali kwa wakati mmoja, 2021 na 2022?

Sababu zilipandana. Janga la korona lilifunga viwanda na bandari. Watu waliozuiwa kwenda hotelini na safarini wakahamishia pesa zao kwenye bidhaa, hivyo mahitaji yakaongezeka wakati uzalishaji na usafirishaji umebanwa. Serikali za nchi tajiri zilikuwa zimemwaga fedha nyingi kuokoa kaya na kampuni. Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na bei za gesi, mafuta, ngano na mbolea zikaruka. Marekani mfumuko ulifika asilimia 9.1 Juni 2022. Nchi zinazotumia euro ulifika asilimia 10.6 Oktoba mwaka huohuo, na Uingereza asilimia 11.1 mwezi huohuo.

Wachumi bado wanabishana ni kiasi gani kilisababishwa na upungufu wa bidhaa na kiasi gani na fedha zilizomwagwa. Ubishi huo una uzito, kwani anayeamini chanzo ni fedha nyingi atataka riba ipandishwe mapema, na anayeamini ni meli zilizochelewa atasema ngojeni meli zifike.

Kwa nini Benki Kuu ya Marekani ikipandisha riba, nchi za mbali huumia?

Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki hiyo ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mwenye fedha nyingi za kuwekeza aliona kwamba anaweza kupata faida nzuri kwa kuikopesha serikali ya Marekani tu, bila kuhangaika na hatari za kwingine. Fedha zikahamia huko, dola ikapanda thamani, na sarafu nyingine nyingi zikashuka.

Hapo maumivu huanza. Mafuta na bidhaa nyingi za biashara ya kimataifa huuzwa kwa dola, kwa hiyo kila kinachoagizwa nje hupanda bei hata kama bei yake ya dola haijabadilika. La pili ni deni. Tuseme serikali ilikopa dola bilioni 1 wakati dola moja inabadilishwa kwa vipande 100 vya sarafu yake. Deni lile ni bilioni 100. Dola ikifika vipande 140, deni limekuwa bilioni 140, na serikali haijakopa hata senti nyingine. Kodi inakusanywa kwa sarafu ya nyumbani, malipo yanadaiwa kwa dola, na tofauti ile inatoka kwenye bajeti ya shule, barabara na dawa.

Historia inao mfano mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 riba ya Marekani ilikaribia asilimia 20 katika vita dhidi ya mfumuko wa bei. Agosti 1982 Mexico ikatangaza kwamba haiwezi tena kulipa madeni yake ya nje, na nchi nyingine nyingi za Amerika ya Kilatini zikafuata. Waliofanya uamuzi ule Washington walikuwa wanatimiza wajibu wao kisheria, yaani kulinda thamani ya fedha ya Marekani. Lakini waliolipa hawakuwa na kura katika kikao kile, na tatizo hilo halijatatuliwa hadi leo.

Nchi inawezaje kushindwa kulipa deni? Inafilisiwa kama kampuni?

Hapana. Hakuna mahakama ya kimataifa ya kufilisi nchi, na hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo. Kampuni ikishindwa kulipa, sheria inasema nani atalipwa kwanza na nani atasubiri. Nchi ikishindwa, kila mkopeshaji huvutia upande wake.

Zambia ilishindwa kulipa hatifungani zake, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, Novemba 2020. Sri Lanka ilifuata 2022, kwa mara ya kwanza tangu uhuru wake wa 1948. Ghana ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje Desemba 2022, na Ethiopia ikashindwa kulipa Desemba 2023. Zamani wakopeshaji wakubwa walikuwa serikali za nchi tajiri, waliokuwa wakikutana katika Klabu ya Paris tangu 1956. Siku hizi China ni mkopeshaji mkubwa, na wapo pia maelfu ya wawekezaji binafsi walionunua hatifungani. Kuwakalisha wote meza moja ni kazi ngumu. Kundi la G20, la nchi zenye uchumi mkubwa, lilianzisha Mfumo wa Pamoja wa kushughulikia madeni mwishoni mwa 2020. Zambia iliomba kuingia mapema 2021, lakini makubaliano na wenye hatifungani yalikamilika 2024. Muda wote huo wawekezaji wapya husita, miradi husimama na sarafu huyumba. Kila anayehimiza "subira" katika mazungumzo ya madeni angetazama tarehe hizo mbili kwanza.

Wanafunzi huuliza pia: Japani ina deni linalozidi asilimia 200 ya pato lake, mbona haijashindwa? Kwa sababu imekopa kwa yeni, sarafu yake yenyewe, na sehemu kubwa ya wanaoidai ni taasisi za Japani na benki kuu yake. Nchi iliyokopa kwa sarafu ya wengine inaweza kuanguka ikiwa na deni dogo kuliko hilo kwa mbali. Ukikutana na uwiano wa deni kwa pato la taifa, uliza mambo matatu kabla ya kutoa hukumu: deni liko kwa sarafu gani, linadaiwa na nani, na linatakiwa kulipwa lini.

Ushuru wa forodha analipa nani hasa, nchi inayouza au inayonunua?

Anayeandika hundi ni mwagizaji. Serikali ya Marekani ikitoza ushuru bidhaa za China, fedha inaingia hazina ya Marekani kutoka kwa kampuni ya Marekani iliyoziagiza. Baada ya hapo mzigo unaweza kusukumwa pande tatu: muuzaji wa nje apunguze bei yake, mwagizaji apunguze faida yake, au mnunuzi wa mwisho alipe zaidi. Nani ataubeba inategemea nani ana njia mbadala. Mnunuzi asiye na pa kwenda ataubeba yeye.

Tafiti kadhaa za wachumi kuhusu ushuru ambao Marekani iliuweka 2018 na 2019 ziligundua kwamba karibu mzigo wote uliwaangukia waagizaji na walaji wa Marekani wenyewe. Hilo halimaanishi ushuru hauna sababu yoyote. Nchi hutoza ushuru kulinda kiwanda kichanga, kupata mapato pale ambapo kodi nyingine ni ngumu kukusanya, au kwa sababu za usalama. Mjadala wa haki hukubali kwanza kwamba kuna gharama, kisha huuliza kama lengo linastahili gharama hiyo.

Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa msingi wa asilimia 10 kwa bidhaa za karibu nchi zote, na viwango vya juu zaidi kwa nyingi. Ndani ya wiki chache ushuru mpya kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145, na China ikajibu kwa asilimia 125, kabla ya pande hizo mbili kukubaliana Geneva mwezi Mei kupunguza kwa muda. Walimu, msiandike viwango hivi ubaoni bila tarehe. Hata kutotabirika kwenyewe ni gharama: mwenye kiwanda asiyejua ushuru wa mwezi ujao huahirisha kununua mashine na kuajiri watu.

Je, nadharia ya faida linganishi bado ina maana?

Ina maana, na inafaa ifundishwe kwa hesabu badala ya kukaririwa. Inasema kwamba kila nchi hufaidika ikitengeneza kile ambacho, ikilinganishwa na vingine, inakimudu kwa unafuu zaidi, kisha ikabadilishana na wengine. Mchumi David Ricardo aliieleza 1817 kwa mfano wa Ureno na Uingereza. Kiasi fulani cha divai kiliihitaji Ureno kazi ya watu 80 kwa mwaka, na kitambaa kazi ya watu 90. Uingereza ilihitaji watu 120 kwa divai na 100 kwa kitambaa. Ureno ina ufanisi zaidi kwa vyote viwili, na hapo ndipo mwanafunzi husema haina haja ya kufanya biashara. Sasa hesabuni. Kila nchi ikijitengenezea vyote, jumla ni kazi ya watu 390. Ureno ikitengeneza divai tu, sehemu mbili, inatumia 160. Uingereza ikitengeneza kitambaa tu, sehemu mbili, inatumia 200. Jumla ni 360. Bidhaa ni zilezile, na kazi ya watu 30 imeokolewa.

Mfano huu haugusi swali la nani ndani ya nchi atapata nini. Mkulima wa mizabibu Uingereza na mfumaji Ureno wote wamepoteza kazi. Nadharia inadhani watahamia kwenye kazi nyingine bila shida. Katika maisha halisi mtu wa miaka 50 aliyefuma maisha yake yote hahami kirahisi, na mji uliojengwa kuzunguka kiwanda kimoja unaweza kudhoofika kwa kizazi kizima. Faida ya biashara kwa jumla ni ya kweli. Hasara ya waliopoteza pia ni ya kweli, na nchi nyingi zilizofungua milango hazikuwafidia. Hasira nyingi za kisiasa dhidi ya utandawazi zimeanzia hapo.

Shirika la Biashara Duniani bado linafanya kazi?

Lipo tangu 1 Januari 1995, na kanuni zake bado zinafuatwa katika sehemu kubwa ya biashara ya dunia. Ila chombo chake cha rufaa hakijaweza kusikiliza kesi tangu Desemba 2019, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa majaji wapya. Nchi iliyoshindwa katika hatua ya kwanza inaweza kukata rufaa kwenye chombo kisicho na majaji, na kesi ikalala hapo. Nchi kubwa hupata njia nyingine za kushinikiza. Nchi ndogo hazina, nazo ndizo zilizohitaji zaidi mwamuzi.

Kwa nini meli moja ikikwama, dunia nzima hupiga kelele?

Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia ilikuwa ikipita hapo. Kuanzia mwishoni mwa 2023 mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha kampuni nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, njia inayoongeza siku nyingi za safari. Viwanda vilizoea kuweka akiba ndogo ya vipuri ili kupunguza gharama, kwa hiyo ucheleweshaji wa wiki mbili husimamisha uzalishaji.

Je, dola inakaribia kuondolewa kwenye nafasi yake?

Inapungua polepole, haijaondoka. Mwaka 1999 dola ilikuwa takriban asilimia 71 ya akiba za fedha za kigeni za benki kuu duniani. Kufikia 2024 ilikuwa karibu asilimia 58. Nafasi hiyo ilijengwa katika mkutano wa Bretton Woods, Julai 1944, ambapo dola iliunganishwa na dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa aunsi, na sarafu nyingine zikaunganishwa na dola. Agosti 1971 Rais Richard Nixon alikata uhusiano wa dola na dhahabu, na wengi walitabiri mwisho wake. Haukuja.

Kinachoilinda dola ni soko kubwa la hatifungani za Marekani, ambalo mtu anaweza kuingia na kutoka na mabilioni kwa siku moja. China ina uchumi mkubwa, lakini hudhibiti fedha zinazoingia na kutoka, na hakuna benki kuu inayotaka akiba isiyoweza kuitoa. Kundi la BRICS, la Brazili, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao, halina sarafu ya pamoja. Hata hivyo, baada ya nchi za Magharibi kuzuia akiba za Urusi za takriban dola bilioni 300 mwaka 2022, benki kuu nyingi zimejiuliza kama akiba yao iko salama, na ununuzi wao wa dhahabu umeongezeka sana.

Uchumi mkubwa zaidi duniani ni wa Marekani au wa China?

Marekani, ukibadilisha pato la taifa kwa viwango vya soko la fedha. China, ukitumia usawa wa uwezo wa kununua, unaozingatia kwamba pesa ileile hununua vitu vingi zaidi katika nchi ambako bei ni za chini. Majibu yote mawili ni sahihi. Tumia kipimo cha kwanza kwa mambo ya nje, kama kulipa madeni au kununua ndege. Tumia cha pili kulinganisha hali ya maisha, nacho kigawanye kwa idadi ya watu.

Mchumi Simon Kuznets, aliyewasilisha makadirio ya pato la taifa kwa Bunge la Marekani 1934, alionya palepale kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa kirahisi kutoka kwenye kipimo hicho. Kazi ya kulea watoto na kuuguza wazee nyumbani, ambayo sehemu kubwa hufanywa na wanawake, haihesabiwi. Msitu ukikatwa na mbao kuuzwa, pato linaongezeka, na upotevu wa msitu hauandikwi popote.

Mwaka 2025 idadi ya maskini wa kupindukia iliongezeka ghafla. Nini kilitokea?

Kipimo kilibadilika. Juni 2025 Benki ya Dunia ilihamisha mstari wa umaskini wa kupindukia kutoka dola 2.15 kwa mtu kwa siku hadi dola 3.00, kwa kutumia bei mpya za kulinganisha nchi na mistari ya umaskini ya kitaifa ya nchi zenye kipato cha chini. Makadirio ya mwaka 2022 yalipanda kutoka takriban watu milioni 713 hadi milioni 838. Hakuna aliyelala akiwa na nafuu akaamka maskini. Watu milioni 125 walikuwa wakiishi maisha yaleyale. Kilichobadilika ni mahali mstari ulipochorwa. Mwanafunzi akilinganisha takwimu ya ripoti ya 2023 na ya ripoti ya 2025 bila kujua hilo, atahitimisha kwamba dunia iliporomoka.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingiaje kwenye somo la uchumi?

Yanaingia kupitia swali la malipo. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kukusanya dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020 ili kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko hayo. Kwa hesabu za OECD, shirika ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, kiwango hicho kilifikiwa 2022, miaka miwili baadaye, na sehemu kubwa ya fedha za serikali ilikuwa mikopo. Nchi iliyochangia kidogo sana kwenye joto la dunia hukopeshwa ili ijikinge na joto hilo, kisha hulipa kwa riba. Mimi naona mpango huo hauna haki, na sioni sababu ya kulificha hilo darasani, mradi mwanafunzi apewe nafasi ya kubisha. Novemba 2024, mjini Baku, lengo jipya liliwekwa: angalau dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Nchi nyingi zinazoendelea zilisema ni kidogo mno.

Umoja wa Ulaya nao umeanzisha tozo ya kaboni mpakani, yaani malipo kulingana na hewa chafu iliyotolewa wakati wa kutengeneza, kwa bidhaa kama chuma, saruji, alumini na mbolea. Kipindi cha kutoa taarifa tu kilianza Oktoba 2023, na tozo yenyewe inahusu bidhaa zinazoingia kuanzia 2026. Lengo ni kuzuia viwanda visihamie kwenye nchi zenye sheria legevu. Wauzaji wa nchi maskini wanaona ni ushuru kwa jina jingine.

Akili mnemba itachukua kazi zetu?

Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikadiria Januari 2024 kwamba takriban asilimia 40 ya kazi duniani zitaguswa: karibu asilimia 60 katika nchi tajiri na 26 katika nchi zenye kipato cha chini. Kuguswa si kufutwa. Baadhi ya wafanyakazi wataongezewa uwezo. Atakayebaki na faida ya uwezo huo, mfanyakazi au mwenye mtambo, ataamuliwa na sheria na nguvu ya vyama vya wafanyakazi.

Mwalimu nitapata wapi takwimu mpya, na nizitumieje?

IMF hutoa makadirio makuu ya uchumi wa dunia kila Aprili na Oktoba, na husahihisha Januari na Julai. Hifadhi ya data ya Benki ya Dunia ni ya bure na inaruhusu kulinganisha nchi kwa miaka mingi. Kwa bei za vyakula tumia faharasa ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inayotoka kila mwezi, na kwa biashara na usafiri wa majini tumia ripoti za UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo.

Zoezi moja linalofaa kwa kidato chochote: wape wanafunzi sentensi moja ya habari yenye takwimu ya uchumi. Waandike kipimo chake ni nini, ni cha tarehe gani, kimeondolewa mfumuko wa bei au la, na ni kundi gani la watu ambalo wastani huo hauwaonyeshi. Swali la mwisho huwachukua muda mrefu kuliko mengine matatu yakijumlishwa, kwa hiyo ligawieni nusu ya kipindi.